Mifupa Mizito ya Nkoaruni

Siku za kupima, akina mama wa Nkoaruni waliwavalisha watoto nguo za kanisani. Hakuna aliyewaagiza. Kitanda cha mionzi hakijali shati lililopigwa pasi. Kinapita nyama bila kuiangalia na kutafuta kilichomo ndani. Lakini ungemwambia nani? Mtoto alilazwa, mkono wa mashine ukapita juu yake ukinguruma, na mama akabana pumzi mpaka namba itokee ukutani. Namba ikiwa kubwa, alitoka kichwa juu, akisalimia hata wasiosalimiana naye. Ikiwa ndogo, alitokea mlango wa nyuma.

Elinami Akyoo, mpimaji wa kituo, alikwisha kuzoea. Yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo, upande mkavu wa Mlima Meru, na meno yake yalikuwa ya kahawia kama ya wote waliokua wakinywa chemchemi iliyoitwa Chungu. Kila mtu alijua Chungu huharibu meno kwa sababu ya floridi, madini yanayotoka kwenye majivu ya mlima. Lakini meno ni meno, watu wa mjini walicheka, wa Nkoaruni wakafunga midomo wakati wa kupiga picha, maisha yakaendelea.

Kisha ukaja Mzingo. Ule mji unaoizunguka dunia huko juu, mtu akiwa ndani yake hana uzito, na mfupa usiobebeshwa kitu hujiona hauna kazi. Huanza kuachia madini yake, yakaingia kwenye damu na kutoka na mkojo. Kijana akikaa huko muda mrefu anarudi na nyonga za bibi kizee. Shirika lililoujenga likatafuta watu wenye akiba ya kutosha, watu ambao hata wakipungua watabaki na kitu, na katika kupimapima kwake likafika Nkoaruni. Mashine ya kwanza walidhani imeharibika. Wakaleta ya pili nayo ikasema vile vile: watu hawa wenye meno mabovu walikuwa na madini mengi mifupani kuliko watu wowote waliowahi kulazwa juu ya kitanda kile. Shirika likasema ni urithi, ni damu. Nkoaruni ikajivuna sana, na nani asingejivuna?

Mkataba ulikuwa mwepesi kueleweka. Maadamu Nkoaruni inapeleka vijana juu, Shirika linaleta bomba la maji matamu kutoka kwenye mtambo wake wa kuchuja kule bondeni. Watoto waliozaliwa baada ya bomba walikuwa na meno meupe. Aikande, binti wa Elinami mwenye umri wa miaka minne, alikuwa wa kwanza katika ukoo wao mzima kucheka bila kuweka mkono mdomoni.

Ila namba za watoto hao zilikuwa za kawaida tu. Akina mama hawakusoma kozi ya Shirika lakini macho walikuwa nayo, wakafikia uamuzi wao: maji ya bomba yanalainisha mfupa. Elinami aliwaeleza mpaka sauti ikamkauka kwamba mfupa hufuata mambo mengi, umri, maziwa, jua, mizigo mtu anayobeba, na mwanamke hupungukiwa anaponyonyesha na tena hedhi inapokoma. Walimsikiliza kwa heshima. Halafu wakaenda zao Chungu kimya kimya na madumu, na magadi, chumvi ya mlima ule ule, kwenye makande wakaongeza. Elinami alijua. Alicheka, akasema wataacha wenyewe.

*

Mama Barikieli alikuja siku isiyo ya kupima, amevaa kitenge cha msiba ingawa hakuna aliyekufa. Mwanawe Barikieli Mbise alikuwa juu Mzingo na kule alivunjika nyonga akisukuma mlango. Mlango tu. Shirika lilimshusha, hospitali ikamwekea nyonga ya chuma, na taarifa ikasema hakufanya mazoezi aliyoagizwa. Nkoaruni nzima ilikuwa inasema ni mvivu, hata wale ambao wenyewe hawajawahi kuinua jembe.

Elinami alimwamkia, akamvutia kiti. Mama hakukaa. Alifungua kitenge kingine alichokuwa amekikumbatia na ndani yake kulikuwa na kichwa cha mfupa wa paja, mviringo, kilichokatwa na msumeno wa daktari. Watu wa Nkoaruni hawaachi kiungo cha mtu hospitalini. Kikikatwa hurudishwa nyumbani na kuzikwa shambani, ili siku ya mwisho mwenyewe asihangaike kukitafuta. Mama alikuwa anakipeleka kaburini. Amepita tu njiani.

"Nipimie huu kwanza," alisema. "Wanasema mwanangu mvivu. Wewe ndiye uliyempitisha. Niambie kama mfupa wake ulikuwa umeisha."

Elinami aliuweka mfupa juu ya kitanda, katikati kabisa, ukaonekana mdogo. Mashine ilirusha mionzi yake ya aina mbili, ile nzito na ile nyepesi, maana nyama na mfupa humeza mionzi kwa viwango tofauti na kwa tofauti hiyo ndipo madini yanapojulikana. Namba ikatokea ukutani. Ilikuwa kubwa. Baada ya muda wote ule bila uzito, mfupa wa Barikieli ungeweza kupita tena na kupanda juu kesho yake.

"Haujaisha, mama," alisema. "Umejaa."

"Basi umevunjikaje?"

Elinami aliuinua kwenye mwanga. Aliutazama pale ulipovunjika, si pale palipopita msumeno, na kitu kikamsumbua, kwa sababu mfupa unapovunjika huacha nyuzinyuzi, kama mti mbichi, na huu ulikuwa umekatika wima, safi, kama chaki. Akamwomba mama ruhusa ya kukata kipande kidogo. Mama aliwaza, akasema Mungu atawasamehe wote wawili.

Kwenye chumba cha vifaa kulikuwa na jiliwa la fundi, la kukazia vyuma. Elinami alikata kipande cha mfupa wa Barikieli na kingine cha ukubwa ule ule kutoka kwenye mfupa wa ng'ombe wa mjini aliokuwa ameununulia mbwa. Wa ng'ombe aliubana mpaka mkono ukamuuma, ukabonyea kidogo, ukashikilia. Ule wa Barikieli haukufika hata nusu ya pale. Ulilia mara moja, mlio mkavu kama wa biskuti, na kwenye jiliwa pakabaki vigae na unga.

Ndipo alipokaa chini, sakafuni, na sketi yake nyeupe ya kazi. Meno si meno. Floridi iliyoyatia kahawia ilikuwa imeingia mifupani pia, ikakaa mahali pa vitu vingine ndani ya ile chokaa ya mwili, ikaifanya nene, nzito, na isiyopinda. Mashine inapima wingi. Inajua kuhesabu madini, haijui kama yameshikana. Damu na urithi vilikuwa maneno ya mtu aliyependa namba zake na hakutaka kuuliza zaidi, na Elinami mwenyewe alikuwa mmoja wa watu hao. Alikumbuka wengine wawili walioshushwa kabla ya Barikieli, mmoja kwa mkono, mmoja kwa uti wa mgongo. Ajali, iliandikwa. Akawakumbuka akina mama na madumu yao wakishuka Chungu, na jinsi alivyocheka, akaona aibu.

Alimweleza Mama Barikieli kila kitu. Mama alikusanya vigae vyote, hata unga akaufuta kwa ncha ya kitenge, akafunga.

"Kwa hiyo si mvivu," alisema.

"Si mvivu, mama."

"Basi hilo utawaambia watu. Sitasema mimi, mimi ni mamake."

Elinami aliahidi. Na alikuwa na nia kabisa, mpaka alipomsindikiza mama hadi barabarani na kumkuta bombani mwanamke akimwogesha mtoto mchanga, maji yanamwagika meupe, na mtoto anacheka. Siku atakayosema, Shirika halitachukua tena kijana hata mmoja kutoka Nkoaruni, na bomba litafungwa. Baada ya hapo watoto watakunywa nini? Watakunywa Chungu. Akinyamaza, watoto wanapona kwa mifupa ya kaka zao. Akisema, kaka wanapona na watoto wanaharibika. Alisimama pale mpaka yule mwanamke akamuuliza kama anaumwa.

*

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya vijana wapya, na wa kwanza alikuwa mdogo wake, Anaeli.

Anaeli alikuwa mchangamfu, mwenye mabega mapana na utani usiokwisha, na tangu utotoni alikuwa ameamua kwenda juu. Alilala kitandani akamuuliza dada yake kama mashine inaweza pia kupima akili, maana mama anadai hana. Elinami hakucheka. Mkono ulipita. Picha ya nyonga ya mdogo wake ikaja kwenye kioo chake kabla haijaenda ukutani, nyeupe, nzito, nzuri ya kutisha.

Hakufikiri sana. Ungekuwa wewe ungefikiri? Alishika ule mstari unaozungushiwa mfupa ili mashine ijue mahali pa kuhesabu, akausogeza nje kidogo. Mashine ikahesabu nyama kama mfupa, madini yale yale yakagawanywa kwenye eneo kubwa zaidi, namba ikashuka. Ukutani ikatokea namba ya mtu wa kawaida wa mjini.

Anaeli aliisoma. Alivaa viatu, akafunga kamba moja akasahau ya pili, akatoka. Elinami alitamani kumkimbilia. Badala yake aliita anayefuata, kijana wa mzee Sarakikya aliyekuwa akisubiri mlangoni, akamwambia mashine imepata hitilafu, yeye na wenzake warudi baada ya siku mbili. Alijiambia amepata muda wa kuwaza. Kweli alichokipata ni mdogo wake, na hilo alilijua.

*

Jioni yake alipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Mama yake alikuwa uani akichochea makande, na harufu ya magadi ilimfikia Elinami tangu getini. Karibu na jiko palikuwa na dumu lenye tope jekundu la njia ya Chungu. Aikande alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe chake cha plastiki, anakunywa huku amekunja uso.

"Bibi anasema nikimaliza nitakuwa na nguvu kama anko," alisema. "Lakini yanawasha ulimi."

Elinami alimnyang'anya kikombe kwa nguvu kiasi kwamba mtoto akaanza kulia. Mama yake aliweka mwiko chini. Alieleza, bila kujitetea, kwamba namba ya Anaeli imeshuka na kila mtu anajua sababu, ni haya maji ya bomba. Kijana ameshaharibika lakini mtoto bado ana muda. Hata wanawake wenzake wamepata habari, alisema, na njia ya Chungu leo ilikuwa na watu kama siku ya mnada.

Hapo Elinami alielewa alichokifanya. Kwa kumdanganyia mdogo wake namba moja, alikuwa ameipeleka Nkoaruni yote Chungu. Alikaa chini kando ya kigoda cha mtoto, akasema yote. Mfupa kwenye jiliwa. Mstari alioupinda. Anaeli, aliyekuwa amejilaza ndani, alitoka taratibu akasimama mlangoni akisikiliza.

Makande yalianza kuungua na hakuna aliyeyagusa.

"Ukisema, watafunga bomba," mama alisema mwishowe.

"Watafunga."

"Basi niambie, wewe uliyesoma. Huyu mtoto atakunywa maji gani?"

Elinami alitazama uani kama mtu anayetafuta jibu chini. Pembeni ya banda, ndoo kubwa ya zamani ilikuwa imelala ubavu, kuku akiatamia ndani yake. Ilikuwa ya bibi yake. Kabla ya bomba, nyumba chache zenye subira zilichoma mifupa ya ng'ombe mpaka ikawa mkaa, zikaujaza kwenye ndoo kama ile na kupitisha maji ya Chungu juu yake, maana mfupa huivuta floridi na kuishikilia. Yeye, mpima mifupa, alikuwa ameliona jambo hilo tangu mtoto, na hakuwahi kujiuliza mfupa wa mtu hai nao unafanya nini na maji hayo. Aliionyesha kwa kidole.

"Ndoo moja," mama alisema. "Mkaa huchoka haraka, kuuchoma kunanuka mtaa mzima, na ng'ombe ukame umewamaliza. Ndoo moja kwa nyumba zote hizi?"

"Haitoshi," Elinami alikubali.

Anaeli alikuja akamnyanyua Aikande, akamfuta machozi kwa kiganja. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Dada, keshokutwa unipime tena," alisema. "Na mstari uweke mahali pake. Nikivunjika nimevunjika, lakini huyu atakuwa amekunywa maji ya watu."

"Sitaweza."

"Barikieli uliweza."

"Sikujua."

"Leo unajua. Na wale wengine wa foleni, mtoto wa Sarakikya na wenzake, wao utawapitisha? Au kwa kuwa si ndugu zako?" Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. "Usiniokoe mimi peke yangu, nitaishije na watu?"

*

Keshokutwa yake foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Mama Barikieli alikuwa ameahirisha kuuzika mfupa wa mwanawe akingoja Elinami aseme kama alivyoahidi; jana yake, kwa kuchoka kusubiri, aliuzika, na kaburini akawaonyesha waliokuja vigae na unga na kuwaeleza. Habari ilikuwa imeenea. Elinami alitarajia kukuta uwanja mtupu. Badala yake vijana walikuwa wamejipanga, wametulia, hawataniani, na mbele yao wote alisimama Anaeli. Walikuwa wanajua na walikuwa wamekuja hivyo hivyo. Akina mama zao walisimama kando, mikono kifuani, wakitazama chini. Hakuna aliyewatuma wala aliyewazuia.

Aliingia, akafunga mlango. Kitanda kilikuwa kimewaka, kinangoja. Alikitazama kile kitu alichokipenda kwa miaka mingi kwa sababu hakikuwahi kusema uongo, na ni kweli hakikusema. Kilijibu swali kililoulizwa, basi. Aliwaza kuhusu Aikande na ule ulimi unaowasha, akaona anakaribia kuita wa kwanza aingie. Vijana wamekubali wenyewe, alijiambia. Ni watu wazima. Alikwisha kushika kitasa.

Lakini atakayeandika "amepita" ni yeye, akijua. Siku mlango mwingine utakaposukumwa huko juu na mfupa mwingine ukalia kama biskuti, Shirika litaandika uvivu au ajali, na jina la mpimaji chini yake litakuwa lake. Aliachia kitasa. Aliketi mbele ya mtambo wa mawasiliano, akawaandikia Shirika kwa maneno machache: mifupa ya Nkoaruni imejaa floridi, ni mizito na haina nguvu, hapa asichukuliwe mtu tena, na walioko juu washushwe kabla hawajavunjika. Akaambatanisha picha za vipande viwili alizopiga siku ile kwenye jiliwa. Akatuma, akalia kwa sauti kama mtoto.

Jibu lilikuja upesi kuliko alivyodhani. Upimaji umesitishwa. Madai yatachunguzwa. Huduma ya maji kwa Nkoaruni itakoma jioni, kwa mujibu wa mkataba. Kuhusu walioko juu hawakusema kitu, na Elinami alijua hiyo ndiyo vita itakayofuata.

Alinawa uso, akafungua mlango. Foleni nzima iligeuka. Anaeli alikwisha kuvua viatu.

"Vaa," alimwambia. Kisha akapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie. "Nimewaambia Shirika. Hapimwi mtu tena. Bomba linafungwa jioni. Nendeni mkalete vyombo, madumu, sufuria, hata makarai ya kufulia, mjaze kila kitu. Na mwenye mfupa wa ng'ombe nyumbani asiutupe."

Mwanamke mmoja alitema mate chini, karibu kabisa na mguu wake, akaondoka. Mama Barikieli alimtazama Elinami, akainamisha kichwa mara moja kama anayepokea kitu, naye akaondoka. Anaeli alivaa viatu bila kuinua uso, safari hii akafunga kamba zote mbili, akaenda zake upande wa nyumbani. Dada yake hakujua kama amemsamehe.

Mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika bombani. Alibeba ile ndoo ya kuku, imesuguliwa mpaka inang'aa, na alipita mbele ya binti yake bila kumwangalia. Nyuma yake watu walianza kuja na vyombo vyao kutoka kila njia, wakasogea, wakajipanga upya. Katikati yao alitokea Aikande na kikombe chake cha plastiki, akakiweka chini ya maji kama wenzake, na watu wazima wakampisha.